Kumuuguza mzazi: Shukrani ni kazi, si neno la ulimini tu

KUNA swali ambalo limekuwa likinifuata tangu mama yangu mzazi alipopatwa na kiharusi mwishoni mwa mwaka 2023. Mtu akinisalimia akaniuliza hali ya mgonjwa, mimi hujibu kama Waislamu wote wanavyojibu, “Alhamdulillah”. Wengi hupita na jibu hilo. Lakini wapo, hasa vijana, ambao husimama wakaniuliza: Mwalimu, mama yako hawezi kusema, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, wewe umeacha tuisheni ya jioni iliyokuwa ikikuongezea kipato, watoto wako wanalala sebuleni. Hiyo Alhamdulillah ni ya nini hasa? Unaisema kwa mazoea, au una maana nayo?

Mimi naliona swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa kukemewa. Vijana wetu wamechoka kuambiwa “shukuru tu” na watu ambao hawajawahi kukesha na mgonjwa. Na ukweli ni kwamba sisi wakubwa tumelifanya neno la shukrani kuwa kama kifuniko cha sufuria: linafunika tu, aliye nje hajui ndani kuna nini.

Kwanza nieleze kwa kifupi hali yenyewe, maana mazungumzo ya shukrani yasiyogusa jambo halisi huwa ni hewa. Mama alikuwa akiishi Tanga, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana, akachoma vitumbua vyake, akauza, saa nne asubuhi akawa amemaliza. Alikuwa na presha na alipewa vidonge na daktari. Akijisikia vizuri aliviacha, kichwa kikimuuma alivirudia. (Ndugu msomaji, kama una mzazi mwenye presha, simama kwanza hapa. Presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote. Mtu anajiona mzima kumbe mishipa inaharibika, na ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kiharusi. Dawa yake humezwa siku zote alizoagiza daktari, siyo siku ya kuumwa kichwa. Mpigie simu mzazi wako leo umuulize.) Asubuhi moja majirani walimkuta amekaa chini mlangoni pa jiko, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Baada ya wiki mbili za hospitali tulimleta Dar es Salaam, nyumbani kwangu Magomeni, vyumba viwili na sebule. Hayo ndiyo mabadiliko yenyewe.

Neno “tendeni”

Wanachuoni wetu wanapoeleza maana ya shukrani huitaja katika sehemu tatu. Moyo ukiri kuwa neema inatoka kwa Allah (SW), ulimi uitaje na kumsifu aliyeitoa, na viungo viitumie katika yale anayoyaridhia. Sisi tumechukua ile ya ulimi, kwa sababu ndiyo nyepesi, tukadhani tumemaliza. Lakini tazama katika Surat Sabai aya ya 13, Mwenyezi Mungu anapowaagiza watu wa nyumba ya Nabii Daudi (AS) juu ya shukrani. Hawaambii waseme, anawaambia watende. Shukrani pale imetajwa kama kazi ya kufanywa, kisha aya inamalizia kwa kutukumbusha kuwa wenye kushukuru kikweli katika waja wake ni wachache.

Na Bibi Aisha (RA) alipomuona Mtume (SAW) akisimama usiku katika sala mpaka miguu inavimba, akamuuliza kwa nini anajitaabisha kiasi hicho hali amekwishasamehewa, jibu la Mtume (SAW) lilikuwa ni kuuliza kama yeye hapaswi kuwa mja mwenye kushukuru. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Zingatia: shukrani yake ilionekana miguuni.

Kwa hiyo huwa nawajibu wale vijana hivi. Alhamdulillah yangu siku hizi ina saa zake. Saa nne za usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikaoza, kikatokea kidonda ambacho huweza kufika mpaka mfupani. Huanzia makalioni, visiginoni na nyongani. Dawa yake kubwa ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, ngozi iwe kavu, na shuka lisiwe na mikunjo. Hakuna hotuba inayoweza kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Mimi na mama watoto tumegawana saa, na mwanangu wa kidato cha tatu anachukua zamu ya saa nne kabla hajalala. Mpaka leo mgongo wa mama hauna kidonda. Nikisema Alhamdulillah, mojawapo ya vitu ninavyovikusudia ni ngozi ile.

Na kula kwake vilevile. Kiharusi huweza kulegeza koo, chakula kikakosea njia kikaingia kwenye mapafu, mgonjwa akapata homa ya mapafu ambayo huwaua wengi walionusurika na kiharusi chenyewe. Hospitali walitufundisha: mgonjwa akae wima, uji uwe mzito kidogo kwa sababu maji matupu ndiyo yanayompalia upesi, kijiko kiwe kidogo, mdomo uwe mtupu kabla ya kijiko kingine, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Kumlisha mama kikombe kimoja cha uji huchukua dakika arobaini. Mtu aliyezoea kula amesimama akikimbilia daladala atajua ninachosema.

Palitokea tatizo jingine ambalo sikulitarajia. Mama alikataa kula kwa mkono wa kushoto. Kila tukimpa kijiko mkono wa kushoto anatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Huyu ni mama aliyetuchapa vidole utotoni kwa kosa hilohilo, na Mtume (SAW) amekataza kula kwa mkono wa kushoto, hilo halina shaka. Nilimwendea imamu wa msikiti wetu, akanionyesha maneno ya Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim, kwamba katazo hilo ni kwa asiye na udhuru, ama mwenye ugonjwa au jeraha linalomzuia kutumia wa kulia, basi kwake hakuna karaha. Imamu alikuja mwenyewe nyumbani akamsomea mama maelezo yale taratibu. Siku ile alikula mwenyewe vijiko vitano. Nilijifunza kuwa elimu ya fiqhi nayo ni sehemu ya kuuguza, kama vile vidonge.

Kilichobaki

Daktari alitueleza kuwa damu ilikosa kufika upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaotawala maneno, na ndio huohuo unaoendesha upande wa kulia wa mwili. Mama anaelewa mengi tunayomwambia. Akitaka kusema “maji”, linatoka neno jingine, au halitoki neno lolote, na anajua kuwa halikutoka. Mateso yake yapo hapo zaidi kuliko kwenye mguu.

Wiki ya tatu nyumbani, mwanangu wa darasa la pili aliingia kutoka madrasa akasema kama kawaida, “Shikamoo bibi”. Bibi akajibu, “Marahaba”. Wazi kabisa. Mtoto hakuona ajabu yoyote, akaenda zake kula. Sisi wakubwa ndio tuliobaki tunatazamana. Usiku ule dada yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga, akaanza kumsomea Suratul Fatiha kwa sauti ya juu. Ilipofika aya ya pili mama akadakia, akaenda nayo mpaka mwisho, na “Amin” akaivuta kama alivyozoea.

Nilipomsimulia daktari hakushangaa. Alisema maneno ambayo mtu ameyarudiarudia maisha yake yote, kama sala, salamu, kuhesabu namba, nyimbo za utotoni, hayategemei njia ileile ya ubongo inayotumika kuunda sentensi mpya, kwa hiyo wagonjwa wengi waliopoteza maneno hubakiwa na hayo. Wapo watakaoona kwamba maelezo hayo yanaondoa baraka ya jambo lenyewe. Mimi naona yanaizidisha. Hebu piga hesabu. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina Fatiha yake. Mwanamke aliyesali miaka sitini, hata ukitoa siku zake za udhuru na usihesabu sunna hata moja, ameisoma zaidi ya mara laki mbili. Mama hakujua kwamba kila alipokuwa akisimama alfajiri katika baridi ya jikoni alikuwa anaiweka Fatiha mahali ambapo hata ugonjwa haukufika. Allah (SW) ndiye aliyeuumba ubongo kwa utaratibu huo.

Wanahistoria wamesimulia habari za Urwa bin Zubeir (RA), mtoto wa Bibi Asmaa na mmoja wa mafaqihi wakubwa wa Madina. Akiwa safarini kwenda Sham alikatwa mguu kwa sababu ya maradhi, na katika safari hiyohiyo akafiwa na mwanawe aliyepigwa teke na mnyama. Alimshukuru Mola wake kwa kuhesabu: alikuwa na viungo vinne kikachukuliwa kimoja vikabaki vitatu, alikuwa na watoto saba akachukuliwa mmoja wakabaki sita. Kisa hiki watu hupenda kukisimulia kwa kusifu uvumilivu. Mimi kinachonigusa ni ile hesabu. Urwa hakudai kuwa hakupoteza kitu. Ameutaja mguu, amemtaja mtoto, kisha akahesabu na kilichobaki. Asiyehesabu vyote viwili ama atakata tamaa ama atakuwa anajidanganya.

Sala ya mgonjwa

Katika mambo yanayonisikitisha ni kuona wagonjwa wengi wa nyumba zetu za mjini wakiacha kusali kwa miezi, siyo kwa uasi, bali kwa sababu walio karibu nao hawajui la kufanya. Mgonjwa ana mkojo usiozuilika, hawezi kusimama, hawezi kufika kwenye maji, basi wanamwambia, “Wewe mama Mungu amekusamehe, pumzika.” Nani aliyewapa mamlaka hayo? Maadamu akili ipo, sala ipo, na dini imeipunguza uzito kwa kiasi ambacho wengi wetu hatukijui.

Swahaba Imran bin Huswein (RA), aliyekuwa na ugonjwa wa bawasiri, alimuuliza Mtume (SAW) juu ya sala yake, akaambiwa asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa basi kwa ubavu. Hadithi iko katika Bukhari. Rukuu na sijida huashiriwa kwa kichwa, na sijida iinamiwe zaidi kuliko rukuu. Asiyeweza maji anatayamamu, na ruhusa hiyo imo ndani ya Qur'an yenyewe, Surat Nisaa aya ya 43 na Maida aya ya 6. Kwetu sisi tumeweka mchanga safi ndani ya sinia dogo kando ya kitanda. Mwenye mkojo usiozuilika hujisafisha wakati wa sala ukiingia, akajifunga vizuri, akatawadha, akasali faradhi hiyo bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo kwa kushindwa kukizuia hakimharibii sala hiyo. Ama kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa ajili ya ugonjwa, kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi hairuhusu, lakini Imamu Nawawi mwenyewe ameipa nguvu kauli ya kuruhusu, na madhehebu ya Hanbal yanaruhusu. Mwenye mgonjwa amuulize sheikh aliye karibu naye kulingana na hali ya mgonjwa wake, badala ya kumuuliza jirani.

Jambo jingine ambalo mgonjwa anapaswa kuambiwa ni ile hadithi ya Abu Musa (RA) katika Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi. Mama alikuwa na kisimamo chake cha usiku. Nilipomwambia kuwa Inshaallah bado kinaandikwa, alinishika mkono kwa muda mrefu.

Wanaokuja na “mkono wa mtu”

Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Mwislamu kwa Mwislamu, na katika hadithi qudsi iliyopokewa na Muslim tunaambiwa kuwa Siku ya Kiyama Allah (SW) atamuuliza mja kwa nini hakumtembelea mja wake aliyeugua, na kwamba lau angekwenda angemkuta Mola wake kwa mgonjwa huyo. Majirani wetu wa Magomeni wametutendea wema ambao siwezi kuulipa. Kuna kijana wa bajaji anayetupeleka kliniki kila mwezi akachukua pesa ya mafuta tu. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu, kwa hiyo namtaja hapa bila jina, mwenyewe akisoma atajijua.

Lakini wapo wageni wa aina nyingine. Hawa wakishakaa, wakishakunywa chai, wanamwita mtu kando: “Hii si bure. Huu ni mkono wa mtu. Mama alikuwa na biashara, watu wana husuda.” Mwingine anasema kapigwa na upepo mbaya, tusimpeleke hospitali atachomwa sindano afe, yupo mtaalamu sehemu fulani. Na huyo mtaalamu anataka kuku wa rangi fulani na jina la mama mzaa mama. Ndugu zangu, hiyo ni shirki iliyovaa kanzu. Kisomo cha Qur'an kwa mgonjwa ni sunna, na Mtume (SAW) alijisomea Muawidhat alipougua, nasi tunamsomea mama kila magharibi. Anayesoma Ayatul Kursiy hahitaji kuku. Halafu kiharusi ni ugonjwa ambao saa za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, na familia ngapi zimezimalizia saa hizo kwa waganga? Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, ni hospitali, wakati huohuo.

Hasara nyingine ya maneno hayo ni kuwa yanaua shukrani. Nyumba ikishaanza kumtafuta mchawi, kila jirani anayeleta bakuli la mchuzi anatazamwa kwa jicho baya.

Ibada tuliyowaachia wake zetu

Sasa nifike mahali ambapo huenda baadhi ya wasomaji wanaume hawatapapenda.

Surat Israi aya ya 23 na 24 tunazijua wote. Mwenyezi Mungu ameunganisha kumwabudu yeye na kuwatendea wema wazazi, akakataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao wanapozeeka, akaamrisha tuwainamishie bawa la unyenyekevu. Katika Surat Luqman na Surat Ahqaf inakumbushwa kazi ya mama, mimba yake na kunyonyesha kwake. Je, anayesemeshwa katika aya hizo ni nani? Ni mtoto. Si mke wa mtoto.

Lakini nenda katika nyumba zetu uone. Mtu anamleta mama yake kutoka mkoani, anamweka chumbani, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi anatoka, anarudi saa mbili usiku, anapitia msikitini, anapokea pongezi za waumini kwa kuwa ni mtoto mwema anayemuuguza mzazi wake. Aliyembeba, aliyemsafisha, aliyefua shuka tatu kwa siku, ni mwanamke ambaye hata jina lake halikutajwa kwenye dua. Akichoka akanung'unika, anakumbushwa adhabu ya mke asiye mtiifu. Wallahi hii ni dhulma.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, hawakumlazimisha mke kumhudumia mama wa mumewe. Akifanya, ni ihsani kutoka kwake, ana malipo makubwa kwa Mola wake na ana haki ya kushukuriwa na mumewe. Mtu anayepewa sadaka hana haki ya kuidai kama deni. Kuna mwalimu mwenzangu aliniambia kuwa nikiandika jambo hili wanawake wataacha kuwatunza wakwe zao. Mimi nimeona kinyume. Mama watoto wangu aliposikia kutoka kwangu kwamba analolifanya si wajibu wake bali ni wema wake, hakupunguza hata zamu moja. Lakini tulikaa tukaandika ratiba upya, mimi nikachukua usiku wa manane na kufua, na Jumapili yeye huenda kwao Temeke mchana kutwa bila kuulizwa atarudi saa ngapi.

Ipo hoja ya sitara, nayo ni ya kweli. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake ilhali yupo mwanamke wa kufanya hivyo. Dada yangu huja kila mwezi kwa wiki moja, siku nyingine shangazi, siku nyingine mama watoto kwa hiari yake. Ikitokea dharura hakuna mwanamke yeyote, mtoto atamsafisha mama yake chini ya kitambaa, kwa kiasi cha haja tu, macho yameinamishwa. Lakini kulisha, kugeuza, kumnyoosha viungo mara mbili kwa siku kama alivyoelekeza mtaalamu wa mazoezi, kutoa ndoo, kufua, kupiga foleni ya dawa, hayo yote yana sitara gani hata mwanamume asiyafanye?

Mdogo wangu yuko Muscat, anatuma pesa kila mwezi. Pampasi za watu wazima na dawa ni pesa yake. Kuna wakati ndugu huanza kushindana nani anafanya zaidi, mwenye mikono anamdharau mwenye pesa, na mwenye pesa anamtuhumu mwenye mikono kuwa anazila. Sisi tuliafikiana kuandika kila kitu kwenye daftari, na picha ya ukurasa anatumiwa kwa simu kila Ijumaa. Ni jambo dogo, lakini limetuhifadhia udugu.

Na kwa yule anayeona kuwa kubaki nyumbani na mgonjwa kumemrudisha nyuma, amekosa darsa, amekosa safari ya daawa, amekosa nafasi kazini, namkumbusha Sayyidna Uthman (RA). Mwaka wa 2 Hijria jeshi la Waislamu lilipotoka kwenda Badr, mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (SAW), alikuwa mgonjwa. Mtume (SAW) alimwacha Uthman Madina amuuguze, akamwambia kuwa atapata malipo ya mtu aliyehudhuria Badr pamoja na fungu lake la ngawira. Vita vikubwa kuliko vyote katika historia yetu vinapiganwa, na mwanamume mzima, tajiri, mwenye nguvu, amepangiwa kukaa kando ya kitanda cha mkewe! Bibi Ruqayya alifariki, na wanahistoria wanasema habari za ushindi zilifika Madina wakati wakimzika. Uthman (RA) amehesabiwa katika watu wa Badr. Hakuna aliyesema kuwa alibaki na wanawake.

Machozi hayaondoi imani

Nisifahamike vibaya kuwa nyumba yetu ni ya furaha kila siku. Zipo siku mama analia tangu asubuhi, nasi hatujui anachotaka. Zipo siku mimi hujifungia bafuni kidogo. Wapo watu wakimuona mwenye kuuguza anatoka machozi humwambia imani yake imepungua. Hawakusoma Surat Yusuf vizuri. Nabii Yaqub (AS) aliyesema kuwa atashika subira iliyo njema ndiye huyohuyo ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni, na akaeleza kuwa masikitiko yake anampelekea Allah (SW) peke yake. Mtume wetu (SAW) alilia waziwazi mwanawe Ibrahim alipokata roho, akafundisha kuwa jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, ila ulimi hautamki isipokuwa linalomridhisha Mola. Subira ni kuuzuia ulimi na mikono. Macho yameachiwa nafasi yake.

Anayeuguza naye anahitaji kuuguzwa. Ukimtembelea mgonjwa, muulize na yule aliyekaa kando kama amelala jana. Mwambie akalale saa mbili, wewe utakaa. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko machungwa.

Ramadhani iliyofuata baada ya ugonjwa, mama alitaka kufunga. Daktari alikataza, na sheikh akatueleza hukumu ya aya ya 184 ya Suratul Baqara kama alivyoifasiri Ibn Abbas (RA), kwamba mtu mzima asiyeweza kufunga na asiyetarajiwa kuweza baadaye hutoa fidya, alishe maskini kwa kila siku, ambayo kwa kipimo cha madhehebu yetu ni kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa mjini. Nikanunua mchele, nikataka kuupima mimi niupeleke kwa wahusika jioni hiyo. Mama akakataa kwa kichwa, akanyoosha mkono wa kushoto akitaka kibaba. Tukamketisha, gunia dogo mbele yake, mfuko kando. Akachota, mkono unatetemeka, mwingine unamwagika kwenye mkeka na mjukuu anauokota punje kwa punje. Akamimina akasema, “Moja.” Akachota tena, “Mbili.” Mwezi ule mzima alikuwa hajaweza kutuomba hata maji kwa jina lake, lakini zile namba zilitoka zimenyooka moja baada ya nyingine, na alipofika kumi na saba adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, akaweka kibaba chini, akatuashiria tufuturu kwanza, ataendelea baadaye.